Mtakatifu Mlangoni kwa Tulio

Katika mji ule wa mlimani, siku ya sikukuu wanaume hubeba sanamu ya mtakatifu mtaa kwa mtaa. Wakifika kwa mwenye divai nzuri husema sanamu imekuwa nzito, wakaitua, wakanywa. Kwa Tulio haijawahi kuwa nzito. Mwaka jana waliongeza mwendo.

Mwaka huu alisimama mlangoni na jagi la divai yake tangu asubuhi. Sanamu ikaja, ikatuliwa mbele yake.

"Rosina, njoo uone! Mtakatifu amekubali!" akamwita mkewe.

"Punguza furaha, mzee," akasema Nando, kiongozi wa wabebaji, huku akiinama. "Kamba ya kiatu imefunguka."

"Mtakatifu hashindwi kutumia hata kamba," akasema Rosina, akamsukumia bilauri. "Kunywa, au unaogopa?"

Nando akainusa kama mtu aliyepewa dawa ya minyoo, akafumba macho, akanywa. Tulio alilishika jagi kwa mikono miwili, asithubutu kumtazama. Wabebaji wengine walishaanza kuinua sanamu.

"Ngojeni kwanza," akasema Nando.

Akainama tena, taratibu, akaifungua kamba ya kiatu cha pili.