Alipoangukia Mchomeleaji

Siku ya kufungua ukumbi wa michezo, mama wa marehemu mchomeleaji wetu alinijia.

"Mwanangu, nionyeshe alipoangukia."

Nilipanga kumwonyesha kona tulivu karibu na mlango. Lakini miguu ilinipeleka katikati ya uwanja wa kikapu. Watoto walishika mipira yao, wakatupisha.

Alivua viatu, akasimama kwenye mbao zinazong'aa, akatazama vyuma vya paa nilivyovichora mwenyewe.

"Ni juu sana. Kweli alikataa kufunga mkanda wa usalama?"

Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti. Tangu hapo, usingizi ukininyemelea tu, namsikia marehemu akiniuliza: "Injinia, mkanda uko wapi?"

"Hapana, mama," nilisema. "Hatukuwa nao."

Hakulia. Aliwageukia wageni waliokaa jukwaani.

"Sema tena," aliniambia. "Wasikie."