Jinzi ya Kushukia Duarani

"Chuchumaa," Scolastika alisema, pini tatu zikiwa mdomoni.

Ghati alichuchumaa. Suruali ya majaribio, iliyokatwa kwenye shuka kuukuu, ilimvuta magotini na kumlegea kiunoni. Mkwe wake alizunguka nyuma, akachomoa pini moja, akatanua mshono wa paja, akaichomeka tena. Akamwambia ainue goti mpaka kifuani. Halafu la pili. Halafu alale sakafuni ajivute kwa viwiko, jinsi mtu anavyojivuta penye nafasi ndogo.

Maduhu, mume wa Ghati na mtoto pekee wa Scolastika, alikuwa chini ya ardhi siku ya kumi na moja. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia wakati wenzake wameshapanda juu. Wachimbaji walifukua siku nane, wakauona mguu wake kwa tochi ng'ambo ya ufa, wakaishia hapo. Mabega ya mwanamume hayakupita, na kuutanua ufa ni kuliangusha jiwe lililobaki. Kesho saa sita mchana shimo lingefukiwa na yeye humo humo. Amri ilikuwa imeshatoka.

Mihayo, mwenye duara, alikuja mwenyewe mpaka Masumbwe kuwaambia. Akipatikana mtu mwembamba wa kwenda kumfunga marehemu kamba, atamshusha asubuhi mapema. Vijana wake hawapendi mwanamke ashuke, wanadai dhahabu hukimbia. Lakini duara lile, alisema, halina tena dhahabu ya kukimbia.

Ghati alisema papo hapo kwamba atashuka yeye. Scolastika hakumzuia. Aliuliza tu ufa una upana gani. Mihayo akaonyesha kwa viganja viwili, naye akaupima upana ule kwa futi yake ya ushonaji kabla viganja havijashuka.

Kisha akafungua sanduku akatoa kitambaa cha jinzi. Maduhu alikinunua Geita kabla ya Krismasi, akamletea mama yake amshonee Ghati suruali. Kilikaa sandukuni miezi yote hiyo, kwa sababu Scolastika hakupenda kuona mwanamke ndani ya suruali.

"Mayu, si nivae tu mojawapo ya zile zake?" Ghati aliuliza, akijipangusa vumbi. Yeye alitoka Tarime, lakini alimwita mkwe wake Mayu, yaani Mama kwa Kisukuma, kama mumewe alivyomwita.

"Mwanamke havai ya mwanamume. Hii ni ya kike."

"Hata shimoni?"

"Huko ndiko zaidi."

Jirani yao Apolonia alikuwa amekaa kizingitini, amempakata Nelly, mtoto wa Ghati wa miezi saba. Tangu msiba huu usio na maiti uanze, yeye ndiye aliyesema kwa sauti yale ambayo wengine waliyanong'ona kisimani: kwamba mama huyu hajatoa hata chozi moja, na sasa anamwingiza mkamwana wake shimoni.

"Mama Maduhu," alisema, "hiyo unayomshonea mwenzio ni suruali au sanda?"

"Nipitishie chaki," Scolastika alijibu.

Ghati hakukasirika. Siku hizi maneno yalimfikia kama yanavyomfikia mtu aliyetoka kung'olewa jino, anasikia ufizi unaguswa lakini hauumi. Aliitazama tu mikono ya mkwe wake. Watu walikuja kutoka hata Geita kumletea mama huyu sare za kwaya, na leo alikuwa anakosea.

"Inapwaya hapa kiunoni, Mayu. Naingiza ngumi nzima."

"Acha."

"Na chini ni fupi. Kifundo chote kiko nje."

"Ndefu inakwaza."

Ghati akaipandisha kiunoni kwa mkono. Hata gauni jeusi alilovua lilikuwa la mkwe wake, na nalo lilimwishia juu kidogo. Mtu hachagui nguo ya msiba.

Scolastika aliifumua ile suruali ya shuka kwenye mishono, akavilaza vipande juu ya jinzi, akavichora, akakata bila kusita. Mshono wa katikati ya miguu aliupitisha cherehani mara tatu. Jua lilipozama alikuwa anakaza kifungo. Alimpa Ghati uji bakuli zima, akakaa kumtazama akinyonyesha mpaka Nelly akaliachia ziwa mwenyewe.

"Lala," alisema. "Mihayo atakuja mapema."

Ghati alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu duara lititie.

Kilichomwamsha ni jua usoni na kilio cha Nelly. Kitanda cha mkwe wake kilikuwa kimetandikwa. Jinzi haikuwepo juu ya cherehani. Alimwita mara mbili, akazunguka uani, hakuna mtu. Akaona basi, Mayu amebadili nia, ameichukua akaificha. Akamfunga mtoto mgongoni, akakimbilia barabarani kutafuta bodaboda. Njia nzima alipanga maneno ya kuwaomba wale wanaume wamsubiri, hata kama atashuka na gauni.

Hawakuwa wameanza kufukia. Walisimama kulizunguka duara, na Mihayo alikuwa anaachia kamba polepole, kiganja baada ya kiganja. Pembeni ya mdomo wa shimo, juu ya jiwe, ilikuwa sketi ya Scolastika, imekunjwa mara nne.