Dawati na Mwenyewe

Lori lilikuja asubuhi kubeba madawati. Baraza la elimu lilishaamua kwamba shule hii ndogo ya pembeni mwa kijiji ifungwe, watoto wahamie ile kubwa ng'ambo ya mto.

Mwamvua, mama wa wanafunzi wawili pale, hakuwa mtu wa maneno. Aliingia darasani akakalia dawati alilochonga marehemu baba yake, maana pale kila nyumba ilijiletea dawati lake.

"Mama, inuka tubebe," kijana mmoja wa wapakizi wa lori akasema.

"Bebeni."

"Na wewe juu?"

"Kwani nimekatazwa?"

Vijana wakacheka. Wakamnyanyua na dawati lake mpaka juu ya lori, wakijua tu ataona haya ashuke. Mwamvua akajifunga khanga vizuri, akakaa.

Afisa elimu aliyekuja na lori akafoka, "Mama, shuka! Unatuchelewesha!"

"Twende tu, baba. Nataka kuwauliza hao wakubwa wako, mto ukijaa mtoto wa darasa la kwanza anavukaje?"

Afisa akawageukia vijana. "Leteni mengine!"

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanachungulia mlangoni. Mle ndani, kila dawati lililobaki lilikuwa na mama yake, amelikalia, mikono mapajani, anasubiri kubebwa.