Jua la Shimoni

Mkaguzi Mashombo aliteremka kilomita nzima ndani ya mgodi wa zamani, leso puani, kuja kuufunga mradi wa Daktari Sikudhani.

"Miaka tisa mnalitafuta jua shimoni?" alicheka. "Hata kuku wangu anajua liko wapi."

"Chembe zake hupenya miamba, mheshimiwa. Tunasubiri hata moja igonge maji ya tangi hili."

Ghafla nukta ya buluu ikawaka kwenye skrini. Sikudhani akashika kifua. "Ndiyo hiyo!"

"Kidogo hivyo?" Mashombo alibetua midomo, akatia sahihi amri ya kufunga. "Haya, twende juu."

Sikudhani alimtazama kama mtu atazamavyo tope kwenye kiatu. "Tangulia."

Lifti ilipopanda na Mashombo, Sikudhani aliupa mlango kisogo, akaegemeza sikio kwenye tangi.