Machicha Mlangoni

Mwanaheri alikunywa dawa yake ya Kichina, chungu kama shubiri, kisha akayamwaga nje ya mlango machicha ya magome yaliyochemshwa. Tabibu Mchina alimwambia ndiyo desturi ya kwao: mpita njia akiyakanyaga, huondoka na ugonjwa.

“Upuuzi huo,” mumewe alisema akifunga kamba za viatu. “Magome ya miti ndiyo yatakayokutoa uvimbe?”

“Basi yakanyage, Baba Ruzuna.”

Mume akacheka. Alipofika mlangoni akapandisha suruali, akayaruka, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Mwanaheri alibaki akimtazama hadi akapotea. Mara akamwona binti yao, Ruzuna, akitoka dukani mbio, pekupeku, akija moja kwa moja mlangoni.

Mwanaheri akapiga magoti, akayazoa machicha yangali ya moto, kwa mikono mitupu.