Nakala ya Ligaya

Kila mtaalamu wa kompyuta aliyeondoka Ufilipino kwenda kufanya kazi ng'ambo alitakiwa kuwaachia wazazi nakala yake: roboti yenye sura yake, sauti yake na kumbukumbu zake zote hadi siku ya safari.

Ligaya aliporudi likizo kwao Iloilo, baada ya miaka tisa Rotterdam, nakala ndiyo iliyomfungulia mlango. Bado ilikuwa na lafudhi ya kwao ya Kiilonggo, ile aliyoizika yeye ili wateja wamwelewe. Ligaya alimkumbatia mama yake, Salud, kama wafanyavyo Wazungu. Nakala iliinama, ikauchukua mkono wa mama na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa. Ligaya akaona wivu.

"Mama, izime basi. Mwenyewe nimeshakuja."

"Umekuja wiki mbili tu. Ukiondoka, nani ataimba na mimi jikoni?"

"Nitaimba mimi."

Akaanza wimbo wao wa kanisani, lakini ubeti wa pili ukampotea. Nakala ikamdokeza maneno kwa upole, na kwa sauti ya Ligaya mwenyewe. Mama akaipigapiga bega kwa furaha.

Ligaya akashindwa kuvumilia. "Basi naacha kazi, Mama. Sirudi tena Rotterdam. Nitakaa na wewe."

Kabla ya kumjibu, Mama akaigeukia nakala na kuishika mkono.

"Na wewe, mwanangu," aliiuliza, "utakwenda wapi?"