Kura ya Mapigo

Kiongozi alipoanza kuhutubia, Nyamizi alikuwa amekwisha kukaa mkekani na ungo wa mchele mapajani, anachambua. Mkononi alivaa bangili ya kura, kama raia wote. Moyo ukienda mbio wakati Kiongozi anasema, bangili inahesabu ndiyo. Namna nyingine ya kupiga kura haipo.

Mara mbili alimpigia kura kwa hasira. Yeye ni fundi wa pampu, kina cha bwawa hukipima kwa kamba yake mwenyewe, na kila akisikia uongo kwamba limejaa damu humchemka. Bangili haijui kutenganisha hasira na mapenzi. Ndiyo maana leo ameshika ungo: kuchambua kunautuliza moyo.

“Bwawa letu limejaa!” Kiongozi alinguruma redioni.

Kasanda, mumewe, machozi yalimlengalenga. “Msikilize, mama Shija! Mwili wote unasisimka.”

“Maji mita mbili,” Nyamizi alijibu, akatupa kijiwe. “Chini yake ni matope.”

“Wewe huna moyo?”

“Ninao. Leo simpi.”

Bangili ikatetemeka mkononi, maandishi yakatokea: *Mapigo yako yako chini. Sogea karibu na redio.* Hakusogea. Mlango wa uani ukafunguka, akaingia jirani yake Milembe na ungo wake, na nyuma yake wanawake sita, kila mmoja na wa kwake. Wakaketi, wakachambua kimyakimya.

Nje, gari la hamasa, lile linalofuata nyumba zenye mapigo ya chini, likapunguza mwendo, likasimama. Kasanda akazima redio haraka, kisha akaiwasha tena kwa woga. Mlango ukagongwa kwa nguvu.

“Pumueni polepole,” Nyamizi alisema bila kuinua macho. “Mchele bado upo.”